Endometriosisi na tiba ya oksijeni: nilivyomuelezea mdogo wangu kwa chupa ya soda

Miezi mitatu nyuma mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanitumia voisi usiku wa manane, dakika nne nzima na nusu yake kilio. Kisa chake nakijua tokea yuko darasa la saba. Kila mwezi siku mbili tatu hana hali, kajikunja kwenye mkeka na chupa ya maji ya moto tumboni, skuli hendi, na nyumbani kila mtu anasema hilo ni chango tu, nani asiyekuwa na chango, subiri uolewe uzae litaondoka. Kaolewa, kazaa, chango lipo palepale na limezidi. Mwaka jana ndo daktari wa wanawake huko Unguja akampa jina la ugonjwa wake, endometriosisi, na yeye keshatimiza miaka 27, yani karibu miaka 14 ya kuambiwa avumilie.

Sasa ile voisi ilikuwa habari nyengine. Kuna pahala kaambiwa endometriosisi inatibika kwa oksijeni, unakaa unavuta kwa maski saa moja, vikao 10, kila kikao elfu 50, na yeye keshauza bangili moja kupata ya kuanzia. Akaniuliza: "Dada, wewe si ndo mwalimu wa fizikia, hii kitu kweli?"

Nikamwambia usilipe bado, panda boti uje Pemba tukae. Alivokuja tulikaa barazani kutwa nzima, na ninayoandika hapa ndo niliyomueleza, manake nimeona hayuko peke yake, wapo wengi wanaouliza suali hili na hawapati mtu wa kuwajibu kwa lugha wanayoelewa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mfuko wa uzazi kwa ndani una utando, kila mwezi unanenepa na kama hamna mimba unabomoka ukatoka na damu, ndo hedhi. Kwa mwenye endometriosisi kuna tishu inayofanana na utando ule imeota nje ya mfuko, kwenye ovari, kwenye mirija, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na huko iliko nako inatii homoni zilezile za mwezi, inavimba inavuja damu, ila damu haina pa kutokea. Panavimba, panaweka makovu, viungo vinagandana. Shirika la Afya Duniani linakisia kiasi ya asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao, kama milioni 190 dunia nzima, na kwamba mtu huchukua baina ya miaka 4 na 12 mpaka kugundulika. Utrasaundi ikitoka safi haimaanishi kwamba huna, vidonda vidogo mara nyingi havionekani humo. Kwa hivyo mama mwenye binti anayelala chini kila mwezi mpaka anatapika, usimwambie ni deko, mpeleke akatazamwe.

Hapo mdogo wangu akauliza, sasa ile tishu inafikaje huko? Na hapa mimi macho yalinitoka kwa furaha, manake hili suali nusu ya jawabu lake ni fizikia ya vitu vinavyotiririka, ileile tunayofundisha skuli kwa matangi na ndoo.

Daktari mmoja wa Marekani, John Sampson, kwenye miaka ya 1920 alitoa nadharia kwamba sehemu ya damu ya hedhi hairudi chini, inapanda kwa mirija na kumwagikia ndani ya tumbo pamoja na vipande vya utando. Baadae wakaja kuchunguza wakakuta jambo hilo linawatokea wanawake wengi mno, mpaka karibu 9 kwa 10, na wengi wao hawana endometriosisi. Kwa hivyo kurudi kwa damu peke yake hakutoshi, kuna mambo ya kinga ya mwili na urithi wa familia pia. Lakini mahala vidonda vinapoota, hapo maji yanasema kweli. Ndani ya tumbo kuna maji kidogo ya kulainisha viungo na maji yale hayatulii, kila ukivuta pumzi kile kiwambo cha chini ya mapafu kinakwenda juu na chini kama bomba la kisima, na maji yanavutwa yakipanda zaidi kwa upande wa kulia, yanazunguka kama mshale wa saa kwa mtu anayekutazama mbele. Na yanayotulia yanatuwama kwenye kile kishimo nyuma ya mfuko wa uzazi, ndo pahala pa chini kabisa. Nenda kawaulize madaktari wa upasuaji wanavikuta wapi vidonda: kishimo kile cha nyuma ni mojawapo ya sehemu zinazoongoza, na wale wachache ambao ugonjwa umewapanda mpaka kwenye kiwambo, wengi wao ni upande wa kulia. Ndo mana kuna mwanamke kila akiingia mwezini anaumwa bega la kulia na hakuna anayemuelewa. Sisi watu wa pwani hili halitupi tabu, tunajua kusi likivuma ni ufukwe upi utajaa mwani na upi utabaki mweupe, mkondo ndo unaoamua. Tumboni nako mna mikondo.

Sasa tuje kwenye oksijeni.

Damu inabeba oksijeni kwa njia mbili na ukizichanganya hizi mbili ndo unapoteza pesa. Njia ya kwanza ni himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, hii ndo meli kubwa. Njia ya pili ni oksijeni iliyoyeyuka tu kwenye maji ya damu, kama sukari kwenye chai, na hii ni kidogo sana. Ukivuta hewa ya kawaida hapa tulipo, kila mililita 100 za damu zina kama mililita 0.3 tu za oksijeni iliyoyeyuka, wakati gramu moja ya himoglobini inabeba mililita 1.34, kwa hivyo mwanamke mwenye damu 12, yani gramu 12 za himoglobini kwenye kila mililita 100, himoglobini yake inabeba kama mililita 16. Na ile meli ishajaa tayari. Kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu, kikikusomea 98 maana yake viti 98 kwa 100 vina watu, ukivaa maski ya oksijeni unaongeza viti viwili na kile kilichoyeyuka kinapanda kutoka 0.3 mpaka kama 2. Basi, na ukivua maski, ndani ya dakika chache umerudi ulipokuwa.

Nikamuuliza mdogo wangu, damu yako ngapi? Akasema mara ya mwisho 8. Anatokwa sana. Tukachukua karatasi tukapiga hesabu: kutoka 8 kufika 12 ni gramu 4, mara 1.34, unapata zaidi ya mililita 5 kwa kila mililita 100 za damu, mchana na usiku, umelala umeamka. Maski inampa mbili, tena kwa saa moja, kwa elfu 50. Vidonge vya chuma vinampa tano. Kidude cha kidoleni hakijui hayo, kinahesabu viti vilivyojaa na hakihesabu meli ziko ngapi, kwa hivyo mtu ana damu 8 na bado kinamsomea 98. Alinyamaza muda mrefu anaitazama ile karatasi.

Lakini sikutaka kumdanganya kwa upande wa pili, tiba ya oksijeni ya kweli ipo na inaokoa watu. Ila hiyo haifanyiki kwa maski ya kukaa kwenye kiti. Hiyo inafanyika kwenye chumba cha chuma kinachofungwa, hewa inasukumwa ndani mpaka kanieneo, yani presha ya hewa, inafika mara mbili mpaka mara tatu ya hii tuliyonayo, afu ndo unavuta oksijeni tupu humo. Na hapa ndo nikatoa soda.

Chupa ya soda ikiwa imefungwa huoni povu, gesi yote imeyeyuka mle ndani imetulia, kwa sababu kiwandani imeshindiliwa kwa nguvu na kizibo kinaishikilia. Fungua kizibo, pshhh, kanieneo imeshuka na gesi inatoka mbio. Muingereza William Henry alilieleza jambo hili mwaka 1803: gesi inayeyuka kwenye maji kwa kadiri inavyokandamizwa. Ukiikandamiza mara tatu inayeyuka mara tatu. Chumba cha presha ni kumtia mtu kizibo. Kwenye atmosfia 3 (atmosfia moja ndo kanieneo ya hewa hii tuliyonayo) na oksijeni tupu, ile iliyoyeyuka inafika kama mililita 6 kwa mililita 100 za damu, na mwili ukiwa umepumzika unatumia kama 5, yani unaweza kuishi kwa oksijeni iliyoyeyuka tu. Mwaka 1960 huko Amsterdam daktari Ite Boerema alithibitisha, aliwatia nguruwe kwenye chumba namna hiyo akawatoa karibu himoglobini yote, na wakaishi humo ndani.

Wanafunzi wangu wa kisiwa cha Kojani hili wanalijua kwa miili yao bila kujua jina lake. Kila mita 10 za bahari, sawa na pima tano na nusu hivi, inakuongezea atmosfia moja. Kwa hivyo chumba cha atmosfia 2 na nusu ni kama kuzamia pima nane bila kurowa. Na mzamiaji anayevuta hewa ya mtungi akikaa chini afu akapanda kwa pupa, naitrojeni inamtoka kwenye damu kama povu la soda, viungo vinamuuma, wengine wanapooza. Mtaani kwetu yupo aliyekuwa akizamia majongoo, leo anatembea kwa gongo. Mgonjwa wa namna hiyo tiba yake khasa ndo chumba hicho cha presha, na vilevile aliyevuta moshi wa mkaa chumbani, na vidonda vya miguu vya baadhi ya wenye sukari visivyopona, na madhara ya mionzi ya saratani. Kule Marekani taasisi ya FDA, inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, ina orodha ya magonjwa iliyoyakubali kwa tiba hii na endometriosisi haimo.

Wazo limetoka wapi basi? Halijatoka hewani. Kipande cha tishu kikishikia pahala kigeni mwanzoni hakina mishipa ya damu, kina njaa ya oksijeni, na seli yenye njaa ya oksijeni inawasha protini inayoitwa HIF, ambayo inapiga mbiu ya kuita mishipa mipya. Namna seli zinavyohisi oksijeni ndo iliyowapa Semenza, Ratcliffe na Kaelin Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Vidonda vya endometriosisi vimekutwa na protini hiyo imepanda. Mtu akifikiri akasema, bas tukivishibisha oksijeni tutazima ile mbiu. Fikra nzuri, na kwa panya wa maabara imejaribiwa na ikatia moyo.

Ila tazama hapa, na hapa naomba usome polepole. Chumba cha presha kinaponya kidonda cha mwenye sukari kwa njia gani? Kwa kuotesha mishipa mipya ya damu. Na endometriosisi inaishi kwa kitu gani? Kwa mishipa mipya ya damu. Kwa hivyo mtu akikwambia oksijeni nyingi lazima itavipunguza vidonda vyako, muulize anajuaje kwamba haitavilisha, suali hilo linahitaji wanawake wengi wa kweli, waliogawiwa makundi na kufuatiliwa kwa miaka, na panya hawatoshi kulijibu. Mpaka hapo anayekuuzia kama tiba anakuuzia jaribio, na jaribio mtu halipishwi.

Na lina hatari zake pia. Masikio, sawa na anayezamia bila kubana pua na kupuliza. Oksijeni nyingi chini ya presha inaweza kumtia mtu kifafa. Na moto, humo ndani huingii na mafuta ya nazi kichwani wala kiberiti wala simu. Kuna na ile mifuko laini ya zipu, inaitwa chumba cha presha na yenyewe, ila yake mara nyingi ni atmosfia 1.3, sawa na kuzamia pima moja na nusu, watoto wanaofuata chaza wanakwenda chini zaidi ya hapo.

Mdogo wangu akaniambia kitu kilichoniuma. Kasema, dada haya yote umenieleza kwa soda na bahari, skuli mbona hatukuambiwa?

Kweli hakuambiwa. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kanieneo Fomu wani kwa fomula, urefu mara ujazito mara mvutano, tukaikariri kwa Kiingereza tukaitapika kwenye mtihani. Hata neno lenyewe linatuchanganya, ukisema presha kwa Kiswahili cha mtaani mtu anaelewa ugonjwa wa bibi yake, na mwaka wangu wa mwanzo kazini mtoto aliniuliza, "Ticha, kwani maji nayo yanaumwa presha?" Lilikuwa suali zuri kabisa na sikulijibu vizuri, nilimwambia akae. Mpaka leo nalikumbuka. Angepaswa kuambiwa kwamba ile ya bibi nayo ni damu inayosukuma kuta za mishipa kama maji yanavyosukuma kuta za tangi, ni kitu kimoja.

Na ukirudi nyuma utaona fizikia hii ilikuwa mikononi mwa madaktari. Daniel Bernoulli, yule wa kanuni ya 1738 ya vitu vinavyotiririka, alisomea udaktari. Poiseuille, Mfaransa, alikuwa daktari anayetaka kujua damu inapitaje kwenye mishipa membamba, kwenye miaka ya 1840 akatoa kanuni yake kwamba ukipunguza upana wa mrija kwa nusu, kinachopita kinapungua mara 16. Si mara mbili, mara 16! Chukua mrija mwembamba na mnene unywe dafu, mdomo utakwambia. Sisi tumeitoa damu tumeacha mabomba, afu tunashangaa wasichana wanasema fizikia haiwahusu.

Tokea siku ile nafundisha vyengine. Sirinji bila sindano ya duka la dawa, natia kipuliza kidogo ndani, naziba mdomo kwa kidole, nasukuma, kipuliza kinanywea, navuta, kinatanuka. Kanuni ya Boyle ya 1662 hiyo, na ndo masikio yako ukizamia. Chupa ya maji yenye matundu matatu, la chini ndo linalotoa maji kwa kasi zaidi. Soda. Kidude cha kidoleni nilikiazima kituo cha afya na kila mtoto kajipima. Mwalimu mwenzangu mmoja kaniambia habari za hedhi kwenye somo la fizikia ni aibu, na wavulana wamo. Nilimuelewa, nikafanya hivi: mbele ya wote nazungumza mishipa, damu na pumzi, na siku moja nikabaki na wasichana peke yao nikawachorea yale maji ya tumboni yanavyozunguka. Watoto 19. Watatu walikuja baada ya kipindi, mmoja mmoja, kila mmoja anatazama mlangoni kwanza. Mmoja anaumwa bega.

Mitihani haiulizi hayo na muda hautoshi, najua, mimi ndo ninayekimbizana na silabasi. Lakini somo la saa moja na chupa ya soda halimshindi mtu.

Mdogo wangu aliporudi Unguja alikwenda kule alikoambiwa oksijeni, akauliza masuali mawili niliyompa: ni chumba kinachofungwa au maski, na presha yake atmosfia ngapi. Akajibiwa asiwe na wasiwasi, presha yake watampima kabla ya kuanza. Akatoka.

Akenda kwa daktari wake. Kapewa vidonge vya chuma, kapewa homoni ya aina ya progestini ya kila siku ambayo inaituliza ile tishu isivimbe kila mwezi, na dawa ya maumivu aianze mapema maumivu yakianza, asisubiri mpaka amezidiwa. Daktari kamwambia wazi haya yanapunguza na hayaing'oi, ikishindikana kuna upasuaji wa matundu madogo wa kuviondoa vidonda, na hata hapo vinaweza kurudi. Kila siku anaandika kwenye daftari ameumwa wapi na kiasi gani, bega pia.

Jana kanitumia picha ya majibu. Damu 11.2. Chini yake kaandika hesabu kwa mkono, 3.2 mara 1.34, mililita 4.3, na kauliza kama kapatia.